Mbegu Jangwani: Tafakari juu ya Filamu ya Pumzi

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi (2009), haitimizi nusu saa, wala haina maneno mengi. Picha ndizo zinenazo. Imepita miaka 35 tangu Vita Kuu ya Tatu, vita vya maji. Watu wamejifungia ndani, wakinywa jasho na mkojo wao uliosafishwa. Hata ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo wenye uhai, anaotesha mbegu, kisha anatoroka kwenda kuipanda jangwani. Anaimwagilia maji yake ya mwisho, anaikinga na jua kwa mwili wake, na mti unainuka pale alipolala.

Mhubiri ataikimbilia Yohana 12:24. Namsihi asiharakishe. Asha hafufuki, wala hatuonyeshwi kwamba waliobaki ndani wameponywa. Kifo chake ni ushuhuda, si upatanisho. Tukimfanya Kristo, tunaupunguza msalaba, na ujasiri wake pia hatuuoni tena.

Kasoro ya filamu ni kwamba jumuiya haipewi uso. Hata hivyo yumo mwanamke msafishaji, ambaye Asha alimgawia maji yake machache. Ndiye anayemsaidia kutoroka. Kwangu mimi, kiini cha filamu ki hapo kuliko penye mti. Sisi wa Iyunga, ambao mvua bado hutunyeshea, tuanzie hapo mahubiri yetu: ni nani tuliyemgawia maji kabla ya ukame?