Bruda Colm na Ufundi wa Kumnoa Mkimbiaji

Colm O'Connell alifika Iten, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, mwaka 1976. Alikuwa bruda Mkatoliki kutoka Ireland, aliyekuja kufundisha jiografia katika shule ya wavulana ya St. Patrick's. Ukocha wa riadha hakuwa ameusomea popote. Mwingereza Peter Foster, aliyekuwa akiwanoa wakimbiaji wa shule, alipoondoka, kazi ikabaki mikononi mwa bruda. Akajifunza kwa kuwatazama wanafunzi wenyewe, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yao: hakuwa na kanuni za vitabuni za kuwalazimishia.

Mwaka 1988 Peter Rono, zao la shule hiyo, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka 1992 Matthew Birir akashinda mbio za kuruka viunzi na maji kule Barcelona. Kati ya miaka hiyo miwili O'Connell alianzisha kambi za likizo, nazo zikawafungulia mlango wasichana.

Ufundi wake, hata hivyo, unaonekana vizuri zaidi kwa mkimbiaji David Rudisha. Huyu kwao si Iten bali Kilgoris, karibu na mpaka wa Tanzania, kaskazini mwa miji ya Mugumu na Tarime iliyo ng'ambo ya pili. Alianza na mita 400, kama baba yake Daniel, aliyepata medali ya fedha ya kupokezana vijiti Mexico mwaka 1968. Kocha akamhamishia mita 800, wala hakumharakisha. Kwanza mwili: mabega yalegee, kiwiliwili kitulie, mikono isipotee njia. Kasi ingefuata. Makocha wengi wanajua kuongeza mazoezi. Kuyapunguza kwa wakati wake ni kazi ngumu zaidi, na humo bruda ana wenzake wachache.

Tarehe 9 Agosti 2012, katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London, Rudisha aliongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe: dakika 1, sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Aliyeshika mkia alitumia dakika 1 na sekunde 43.77, muda ambao ungetwaa dhahabu Beijing mwaka 2008! Rio, mwaka 2016, Rudisha akashinda tena.

Funzo hili linazihusu pia shule za Mugumu na Tarime zinazopeleka vijana kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Hazikosi njia za vumbi za kukimbilia; kinachohitajika ni kocha mwenye muda na subira. Zimpunguzie mwalimu wa michezo vipindi vya darasani, zimwachie vijana walewale kwa miaka.