Skrini ya Kompyuta Mpakato: Inchi, Pikseli na Nafasi ya Kazi

Juni 2012 kampuni ya Apple ilizindua MacBook Pro yenye skrini ya inchi 15.4 na pikseli 2880 kwa 1800, zaidi ya milioni tano kwa jumla. Toleo la kawaida la ukubwa huohuo lilikuwa na 1440 kwa 900. Pikseli ziliongezeka mara nne, lakini aliyefungua waraka kwenye mashine mpya aliona mistari ileile, kwa idadi ileile. Wahandisi waliamua kwamba nukta iliyokuwa ikichorwa kwa pikseli moja sasa ichorwe kwa nne, mbili kwa mbili. Ongezeko lote likaingia kwenye ukali wa herufi, na nafasi ya kazi ikabaki vilevile.

Hapo ndipo penye kiini cha kuchagua skrini. Pikseli hupanua nafasi au hunoa herufi, na zilizokwisha kutumika kwa moja hazipatikani tena kwa jingine. Kinachoamua mgawo ni asilimia ya ukuzaji iliyowekwa kwenye mipangilio ya mfumo.

Ukali huo ulikuwa na gharama. Kioo chenye pikseli zilizosongamana hupitisha mwanga kidogo, hivyo taa iliyo nyuma yake hulazimika kuwaka zaidi. Mashine hiyo ilipewa betri ya saa-wati 95, ilhali toleo la kawaida lilikuwa na 77.5, na bado muda uliotangazwa kwa zote mbili ulikuwa saa 7.

Kwenye kompyuta za Windows hesabu ya kugawa pikseli ni hiyohiyo. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ya inchi 14, iliuzwa ikiwa na kioo cha 1366 kwa 768 au cha 1920 kwa 1080, mbali na kingine cha bei ya juu. Umbo ni moja na jina ni moja, lakini kimoja kina pikseli 112 kwa inchi na kingine 157. Katika Excel, mstari mmoja kwa kawaida huchukua pikseli 20 kwenda chini. Ukuzaji ukiwa asilimia 100, kioo cha 1080 huonyesha mistari 15 zaidi ya kile cha 768. Ila kwa inchi 14 herufi huwa ndogo mno kwa macho ya wengi. Ukuzaji ukipandishwa hadi 125, kimo cha kazi hushuka na kuwa sawa na pikseli 864, na faida haifiki hata mistari mitano. Ukifika 150, kimo ni 720: mistari ni michache kuliko kwenye kioo cha 768, ingawa herufi zinapendeza zaidi.

Kwa hiyo kwa kazi za maandishi na majedwali, kimo cha skrini ndicho cha kutazamwa kwanza. Kioo cha 1920 kwa 1200 chenye ukuzaji wa 125 hutoa kimo cha 960, karibu mistari mitano zaidi ya kile cha 1080 chenye ukuzaji huohuo, bila mashine kuwa kubwa sana. Kuhamia inchi 15.6 kwa pikseli zilezile 1920 kwa 1080 hakuongezi pikseli hata moja. Faida yake ni herufi kukua kidogo, kiasi cha baadhi ya watu kuweza kubaki kwenye asilimia 100. Mhasibu hunufaika pia, maana mashine nyingi za ukubwa huo zina kibodi ya namba pembeni.

Pikseli 3840 kwa 2160 kwenye inchi 15.6 zinahitaji ukuzaji wa 200 au zaidi. Kwa 200, nafasi inarudi palepale pa 1920 kwa 1080, na betri inaisha mapema. Mhariri wa picha ana sababu ya kuzilipia, karani hana.

Kwa mashine ya mtumba, jina la modeli halitoshi. Mnunuzi afungue mipangilio ya skrini na kusoma idadi ya pikseli, aweke ukuzaji ambao macho yake yanaumudu, kisha afungue jedwali na kuhesabu mistari inayoonekana kabla ya kulipa.