Ubovu Hutibiwa, Tabia Huachwa: Ufundi wa Amplifaya za Valvu

Amplifaya ya valvu ya gitaa hupokea umeme dhaifu kutoka kwenye pikapu iliyo chini ya nyuzi na kuukuza hadi uweze kusukuma spika. Kazi hiyo hufanyika ndani ya valvu, yaani chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Filamenti huipasha moto kathodi hadi itoe elektroni, bamba lenye volti nyingi huzivuta, na gridi, yaani wavu mwembamba wa waya uliowekwa katikati, huamua zipite ngapi. Gridi hiyo iliongezwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Mwishoni mwa mwaka 1947 transista ilizaliwa katika maabara za Bell, na polepole ikaiondoa valvu kwenye redio, televisheni na kompyuta. Kwenye amplifaya za gitaa haikufaulu kuiondoa. Wapigaji waliendelea kuitaka sauti ya valvu, na hadi leo amplifaya nyingi zilizotengenezwa miaka ya 1950 na 1960 bado zinapanda jukwaani. Zinapanda kwa sababu kuna mafundi.

Mashine hizi zenyewe zilizaliwa kwenye meza ya fundi. Leo Fender alikuwa fundi redio mjini Fullerton, California, na alifungua duka lake la matengenezo mwaka 1938, miaka mingi kabla jina lake halijaandikwa kwenye gitaa. Kwa kuwa siku zake zilipita akifungua vifaa vya watu wengine, alihakikisha vyake vinafunguka kwa urahisi. Jijini London, Jim Marshall, mwalimu wa ngoma za jazi na roki, alifungua duka la vyombo vya muziki huko Hanwell mwaka 1960. Miaka miwili baadaye fundi wake Ken Bran, pamoja na kijana Dudley Craven, walichukua mzunguko wa amplifaya ya Fender iitwayo Bassman, wakaujenga upya kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Ikatoka JTM45, mama wa amplifaya zote za Marshall. Mchoro ulikuwa karibu uleule, lakini transfoma, valvu na spika zilikuwa nyingine, na sauti ikawa nyingine.

Fender alikusudia sauti safi. Wapigaji walizungusha kitasa cha sauti hadi mwisho, valvu zikazidiwa, vilele vya mawimbi vikakatwa, na sauti ikapata ukali ambao hakuna aliyeupanga. Tena, katika amplifaya ambayo umeme wake hunyooshwa na valvu, kama vile 5Y3 au GZ34, volti hushuka kidogo mpigaji anapogonga nyuzi kwa nguvu, kisha hupanda tena. Noti husikika ikibanwa halafu ikifunguka. Kwa mhandisi wa redio, mambo hayo mawili ni kasoro. Kwa mpiga gitaa, hayo ndiyo aliyolipia. Hapa ndipo penye ugumu wa ufundi huu, na heshima yake pia. Fundi wa amplifaya hizi lazima ajue kutenganisha ubovu na tabia ya chombo. Ubovu hutibiwa, tabia huachwa.

Ndani ya amplifaya ya Fender ya miaka ya 1950 hakuna kilichofichwa. Ubao mweusi wenye vitobo vya shaba umelala ndani ya chasi ya chuma, rizista na kapasita zimepangwa juu yake kwa safu, na kila waya unaonekana unakotoka na unakokwenda. Kila kipuri kinaweza kung'olewa kwa koleo na chuma cha kulehemia, bila darubini. Kwenye ukuta wa ndani wa kabati hubandikwa karatasi inayotaja kila valvu na mahali pake. Mara nyingi karatasi hiyo hugongwa muhuri wa herufi mbili: ya kwanza ni mwaka, kwa kuanzia A ya 1951, na ya pili ni mwezi. HE ni Mei 1958. Spika nayo huwa na namba yake. Ikiwa imeandikwa 220816, basi 220 ni alama ya kiwanda cha Jensen, 8 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na 16 ni wiki. Spika ya Aprili ndani ya kabati la Mei: tarehe zinapatana, na fundi ana sababu ya kuamini kwamba hakuna aliyewahi kuibadilisha. Anasoma hivi kabla hajashika bisibisi, maana lazima ajue kipi ni cha asili ndipo aamue kipi kiguswe.

Usalama huja kabla ya vyote. Ndani ya amplifaya hizi kuna volti 300 hadi 500 za umeme mnyoofu, na kapasita kubwa za kuchuja umeme zinaweza kuendelea kushika volti hizo hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi huondoa volti hizo kwa kupitisha umeme kwenye rizista hadi chasi, kisha huhakikisha kwa mita kwamba kilichobaki ni karibu na sifuri. Panapobidi kupima chombo kikiwa kinawaka, mkono mmoja hufanya kazi na mwingine hukaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kanuni hizi hazina fundi mzoefu wala mwanafunzi. Wote huzifuata sawa.

Amplifaya iliyokaa miaka kabatini haichomekwi ukutani moja kwa moja. Huwashwa kupitia balbu ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme, mbinu ambayo mafundi redio wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi wanaijua vizuri. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, na balbu imeiokoa transfoma. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kazi inaweza kuendelea.

Baada ya hapo sikio huanza kazi, na mngurumo ndio ushahidi wa kwanza. Umeme wa Afrika Mashariki una mizunguko 50 kwa sekunde. Mngurumo wa 50 kwa kawaida hutoka kwenye waya za filamenti, kwenye uunganishaji mbaya wa chasi, au kwenye valvu inayovuja. Mngurumo wa 100 hutoka kwenye umeme uliokwisha kunyooshwa lakini haukuchujwa vya kutosha, na hapo kapasita za kuchuja ndizo za kushukiwa. Fundi mwenye gitaa mkononi anaweza kuupima bila kifaa: noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene ina mitikisiko 98 kwa sekunde. Mngurumo ukikaribiana na noti hiyo, ameshajua pa kuanzia. Mlio wa mafuta ya kukaangia humwelekeza kwenye rizista za kaboni zilizozeeka, hasa zile zinazolisha bamba za valvu za mwanzo. Sauti inayokatika na kurudi hutafutwa kwa kijiti cha mti kikavu, ambacho fundi hukigusisha kwenye waya na viungo kimoja kimoja huku amplifaya ikiwaka, hadi kiungo kilicholegea kijitaje chenyewe.

Sikio likishaonyesha upande, mita hutoa uamuzi. Mfano mzuri ni hatua ya kwanza ya amplifaya nyingi za Fender, iliyojengwa kwa nusu ya valvu 12AX7, ile ambayo Ulaya huitwa ECC83. Bamba hulishwa kupitia rizista ya omu 100,000, na kathodi hukaa juu ya rizista ya omu 1,500. Fundi hupima kathodi na kukuta volti 1.5, akigawa kwa 1,500 anapata miliampia 1. Mkondo huohuo ukipita kwenye rizista ya bamba hupoteza volti 100. Kwa hiyo, ikiwa umeme unaoingia ni volti 270, bamba linapaswa kuwa na 170. Likiwa nazo, hatua hiyo ni nzima na haiguswi. Bamba likiwa na 270 na kathodi ikiwa na sifuri, valvu haipitishi mkondo kabisa. Bamba likiwa na 120 na kathodi bado ikisoma 1.5, rizista ya bamba imepanda thamani, jambo la kawaida kwa rizista za kaboni za umri huo. Vipimo vitatu na hesabu ya darasa la saba vinatosha, na hakuna kilichobadilishwa kwa kubahatisha.

Vipuri vinavyokufa vinajulikana. Kapasita za kuchuja zina maji ya kemikali ndani yake, nayo hukauka. Zilizopita miaka 20 au 30 hubadilishwa hata kama bado zinajikongoja. Kapasita zinazopitisha sauti kutoka hatua moja hadi nyingine zinapaswa kuzuia umeme mnyoofu, lakini zikizeeka huvuja. Volti chache tu zikivujia kwenye gridi ya valvu ya mwisho, mkondo hupanda na bamba huanza kuwa jekundu, rangi ambayo fundi akiiona huzima mara moja. Soketi za valvu hulegea, na vitasa huingia vumbi. Valvu zenyewe huchakaa, ingawa si kwa kasi ambayo wauzaji wangependa tuamini. Valvu ndogo nyingi za miaka ya 1960 bado zinafanya kazi.

Valvu za mwisho zikibadilishwa, mkondo wao wa mapumziko hupimwa upya pale ambapo mzunguko unaruhusu kurekebishwa. Valvu ya 6L6GC imekadiriwa kuvumilia wati 30 kwenye bamba, na mafundi wengi hawavuki asilimia 70 ya hapo, yaani wati 21. Bamba likiwa na volti 420, mkondo usizidi miliampia 50. Fundi huweka rizista ya omu 1 kati ya kathodi na chasi, na kila milivolti anayosoma huihesabu kuwa miliampia moja. Mkondo ukiwa mdogo mno, sauti huwa baridi na kavu. Ukizidi, valvu huungua mapema. Ndani ya mipaka hiyo namba hunyamaza, na mpigaji huitwa aje asikilize.

Kuna jambo moja ambalo heshima kwa mambo ya kale hailizuii. Amplifaya za zamani za Marekani zilitoka kiwandani na plagi ya miguu miwili isiyo na waya wa ardhi, na kapasita ndogo iliunganisha waya wa umeme na chasi ili kupunguza mngurumo. Kapasita hiyo ikipata shoti, chasi yote hubeba umeme, na nyuzi za gitaa nazo hubeba. Mwimbaji akigusisha mdomo kwenye maikrofoni, mwili wake ndio unaokamilisha mzunguko. Kapasita hiyo huondolewa, na waya wa nyuzi tatu huwekwa, hata kama mkusanyaji wa vitu vya kale atalalamika. Uhai wa mpigaji haupimwi kwa bei ya mnada.

Katika Afrika Mashariki kuna swali jingine. Amplifaya iliyojengwa kwa soko la Marekani ilitarajia volti zipatazo 117 na mizunguko 60. Ikichomekwa kwenye 230 au 240 huungua papo hapo. Transfoma ya kushusha volti hutatua nusu ya tatizo. Mizunguko 50 inabaki ileile, na chuma cha transfoma kilichokadiriwa kwa 60 hupata moto zaidi. Fundi mwangalifu huacha chombo kiwake kwa saa kadhaa mezani na kupima joto la transfoma kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Amplifaya za Kiingereza hazina shida hiyo, kwa kuwa zilijengwa kwa umeme unaofanana na wa hapa.

Yaliyobaki ni maamuzi ya dhamiri. Transfoma ya sauti na spika ya asili hubeba sehemu kubwa ya tabia ya amplifaya, kwa hiyo hazibadilishwi kwa sababu tu kuna mpya zenye wati nyingi. Spika iliyopasuka karatasi kidogo huzibwa. Transfoma iliyoungua inaweza kusukwa upya kwa kufuata idadi ya mizunguko ya waya wake wa zamani. Kila kipuri kilichotolewa hutiwa kwenye mfuko na kurudishwa kwa mwenye chombo, na kila kilichofanywa huandikwa, ili fundi wa miaka 30 ijayo asilazimike kukisia. Fundi anayebadilisha kila kitu ili kuonyesha kwamba amefanya kazi huwa ametengeneza chombo kingine ndani ya kabati la zamani.

Valvu mpya bado zinatengenezwa, hasa Slovakia, Urusi na China, na vipuri vingine vyote vinapatikana. Kilicho adimu ni mtu anayeweza kusoma mchoro, kupima kabla ya kukata, na kuacha kilicho kizima. Hayo hayahitaji mashine za gharama. Yanahitaji mita nzuri, subira, na mwalimu. Mafundi waliojifunza kazi kwenye redio za valvu wanazidi kuzeeka. Kijana anayekarabati simu leo na anayempata mmoja wao akiwa bado na nguvu, aketi naye mezani sasa.