Mchina Ana Kitabu Chake, Sisi Je? Uhakiki wa Kitabu cha Kujifunzia Kiingereza

UTANGULIZI

Katika majarida ya wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani za mashairi. Si vibaya. Lakini hebu tujiulize: kijana aliyemaliza kidato cha nne Kibaha au Kisarawe amesoma kurasa ngapi za riwaya, na kurasa ngapi za kitabu cha mazoezi ya Kiingereza? Kwa wengi, kile kifungu cha ufahamu chenye maswali matano chini yake ndiyo hadithi waliyokutana nayo mara nyingi kuliko hadithi nyingine yoyote. Kama ni hivyo, basi kifungu hicho nacho kina fani na maudhui, kina wahusika, kina msimamo, na hakina budi kupitishwa kwenye chekeche la uhakiki kama maandishi mengine.

Makala hii inalinganisha kitabu cha Kiingereza alichoandaliwa msomaji wa Kichina na kile anachosomea mwanafunzi wetu. Msomaji anaweza kuuliza: Mchina anaingiaje hapa? Anaingia kwa sababu ni jirani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, inakatiza wilaya ya Kisarawe. Kibaha, pale Kwa Mfipa, ndipo ilipofunguliwa mwaka 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Kwala nako, katika wilaya hiyohiyo ya Kibaha, kuna bandari kavu na eneo la viwanda. Mchina na Mtanzania wanapokutana sehemu kama hizi, mara nyingi daraja lao ni Kiingereza cha kuungaunga. Wote wawili ni wageni katika lugha hiyo. Tofauti ni namna kila mmoja alivyopokelewa mlangoni.

KITABU CHA MCHINA

Tuchukue kitabu kimoja mashuhuri, New Concept English cha L. G. Alexander, kilichotolewa na Longman mwaka 1967 katika juzuu 4. Alexander alikuwa Mwingereza, na hapo mwanzo hakuwaandikia Wachina peke yao. Kitabu kilipoenea sana China, wenyewe hawakukiacha kilivyo. Mwaka 1997 lilitoka toleo jipya ambalo Alexander alilitayarisha pamoja na He Qixin, mwalimu wa Kiingereza wa Beijing. Toleo hilo lina maana za maneno kwa Kichina, maelezo ya sarufi kwa Kichina na hata tafsiri ya kila kifungu. Kwa maneno mengine, kitabu cha Kiingereza kilikubali kuzungumza na msomaji wake kwa lugha anayoielewa.

Kufaulu kwa Alexander kifani kuko wazi. Karibu kila kifungu cha juzuu ya pili ni kisa kamili: kina mwanzo, kina mgogoro, na mwisho wake una kichekesho. Kile cha kwanza kabisa kinamhusu mtu aliyekwenda kutazama mchezo wa kuigiza, akashindwa kusikia chochote kwa sababu ya wawili waliokuwa wakipiga soga nyuma yake. Anapowageukia kulalamika, anajibiwa kwa maneno yanayoweza kueleweka kwa namna mbili, na hapo ndipo kicheko kinapotoka. Msomaji asiyeshika sarufi hacheki. Sarufi imefanywa kuwa ufunguo wa utani, si fimbo.

Kutofaulu kwake kuko kwenye maudhui. Ulimwengu wa kitabu ni wa Kiingereza mno: majumba ya maonyesho, uvuvi wa kujiburudisha, jamaa wanaotembeleana kwa treni. Mkulima wa Sichuan hayumo. Kwa hiyo Mchina kapewa kitabu kinachoujua ulimi wake lakini hakiyajui maisha yake.

KITABU CHETU

Kwetu mambo yako kinyume. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, tulivisafisha vitabu. John na Mary walitoka, wakaingia Juma na Rehema. Theluji iliondoka, ikaja mihogo, sokoni na kisimani. Kimaudhui hiyo ilikuwa hatua kubwa na tusiibeze. Ila tuangalie kilichobaki: Juma analima muhogo wake kwa Kiingereza, maagizo ya zoezi ni Kiingereza, na maelezo ya kanuni ya Kiingereza yametolewa kwa Kiingereza hichohicho ambacho mwanafunzi bado hajakijua. Tulibadili wahusika tukaiacha sauti ya msimulizi ilivyokuwa. Msimulizi huyo anamjua mwanafunzi kwa jina, lakini anajifanya kwamba mtoto huyu kabla ya kufika darasani hakuwahi kusema neno.

Matokeo yake ni kwamba lugha aliyokuja nayo mwanafunzi inaonekana darasani kwa sura moja tu, nayo ni kosa. Mifano ni mingi.

Mwanafunzi anaandika "My mother, he is sick." Kalamu nyekundu inapita. Mchina naye hufanya kosa hilohilo, kwani Kichina cha kuzungumza kina neno moja, "tā", kwa mwanamume na kwa mwanamke, kama "yeye" yetu. Hata tofauti ya kimaandishi kati ya hao wawili ilienea China karibu na mwaka 1920, pale mwandishi Liu Bannong alipopigania alama ya pekee kwa mwanamke. Mtu akieleweshwa hivyo anajua kwamba hana upungufu wa akili. Kiingereza ndicho kinachouliza swali ambalo lugha yake haikuwahi kuliuliza.

Au vile vineno viwili sumbufu, "a" na "the". Tunaambiwa kwamba Kiswahili hakina kitu hicho, kwa hiyo tukariri tu. Si kweli hata kidogo. Kuna tofauti kati ya "Nimenunua kitabu" na "Nimekinunua kitabu". Ile -ki- inatuambia kwamba kitabu chenyewe tunakifahamu, tumeshakizungumza. Tena kuna "Amekuja mgeni" na "Mgeni amekuja". Yule wa kwanza hatukumtarajia, wa pili tulikuwa tukimngoja. Kichina hufanya vivyo hivyo: "lái kèren le" ni amekuja mgeni, "kèren lái le" ni mgeni amekuja. Lugha mbili zilizo mbali kiasi hiki zimefumbua fumbo moja kwa njia moja, kwa kupanga maneno. Mwalimu akianzia hapo, somo la "a" na "the" lina pa kushikia. Akianzia kwenye kanuni tupu, wanafunzi watavinyunyiza vineno hivyo kama chumvi, popote.

Kwenye njeo sisi tuna nafuu kuliko Mchina. Kitenzi chake hakibadiliki, kwa hiyo kitabu chake hakina budi kutumia kurasa nyingi kumzoesha wakati uliopita. Sisi tuna -li- na -me- tangu utotoni. "Nilikula" na "nimekula" zinakaribiana sana na "I ate" na "I have eaten". Kurasa hizo tungeziokoa tukazitumia mahali tunapoteleza kweli. Sisi hutuponza yale maneno ya hali: "amelala", "amesimama", "amevaa". Mwanafunzi anasema "He has slept" akiwa na maana kwamba mtu yupo usingizini sasa hivi. Hutuponza pia -na-, ambayo inabeba "ninakwenda" na "ninajua" kwa pamoja, tukaishia na "I am knowing". Makosa haya yana mantiki, tena yanatabirika. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wote duniani hakiwezi kuyatabiri, maana hakijui nani atakisoma.

MSAMIATI

Katika msamiati ushahidi ni mtamu zaidi. Sisi tunapiga simu, tunapiga taipu, tunapiga deki, tunapigwa sindano. Mchina ana kitenzi "dǎ", ambacho maana yake ya msingi ni piga, naye hukitumia kwa simu, kwa taipu, kwa kufanya usafi na kwa sindano! Kiingereza kinadai kitenzi tofauti karibu kila mara. Orodha ya ukurasa mmoja yenye kichwa "Piga" ingemsaidia kijana wa Mlandizi au Mzenga kuliko orodha tatu za maneno yaliyopangwa kwa alfabeti. Ukurasa huo lazima uandikwe na mtu anayejua Kiswahili, na ambaye anamwandikia Mswahili.

NANI ALISTAHILI KUELEZWA?

Historia nayo ina la kusema. Chuo cha Minaki, Kisarawe, kilikuwa cha wamisionari wa UMCA. Mmoja wa maaskofu wa misheni hiyo, Edward Steere, alikuwa ametoa mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili, akikieleza kwa Kiingereza. Mwaka 1944 E. O. Ashton alitoa sarufi yake maarufu ya Kiswahili, nayo inamchukua Mwingereza kutoka kwenye fikra za Kiingereza hatua kwa hatua. Hakuna aliyesema kwamba Mwingereza afundishwe Kiswahili kwa Kiswahili kitupu ili azame. Yeye alieleweshwa. Mchina naye anaeleweshwa. Mwanafunzi wetu ndiye anayeachwa azame, kisha anaambiwa ndiyo mbinu bora.

Na kumbukeni jambo lililo zito zaidi. Shuleni kwao, mtoto wa China husoma fizikia na historia kwa Kichina. Kiingereza ni somo mojawapo tu. Hata nchi za Nordiki zilizotujengea Kibaha kile kituo cha elimu, kilichokabidhiwa kwetu mwaka 1970, huwasomesha watoto wao kwa lugha zao. Wetu anatoka shule ya msingi ya serikali iliyomfundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza. Taarifa ya Criper na Dodd ya 1984 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, sambamba na Kiingereza. Darasani mambo hayajafika huko. Kwa hiyo anayekihitaji Kiingereza zaidi ndiye aliyepewa kitabu kinachomwelewesha kidogo zaidi. Anayeshindwa ufahamu anashindwa na baiolojia pia, na hatimaye anajiona mjinga. Hapo kosa la mwandishi wa kitabu limekuwa hatima ya mtu.

PINGAMIZI

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili kikiingia kwenye kitabu cha Kiingereza mwanafunzi atadekezwa, hatafikiri kwa Kiingereza. Hoja hii ina chembe ya ukweli: lugha haijifunzwi kwa kuelezwa tu, lazima isikike, isemwe, isomwe. Alexander mwenyewe alisisitiza kusikia kabla ya kusema, na kusoma kabla ya kuandika. Lakini maelezo mafupi kwa Kiswahili hayali muda wa mazoezi, yanauokoa. Tena tusijidanganye, Kiswahili kimo darasani tayari. Mwalimu anapoona macho yametoka anakigeukia, ila kwa kunong'ona, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Tunachodai ni kwamba kile kinachosemwa kwa siri kiandikwe vizuri, kipangwe na kisahihishwe.

Tazameni vijitabu vya kujifunza Kiingereza kwa Kiswahili vinavyouzwa vituoni na kando ya barabara. Vingi karatasi yake mbaya, makosa ya chapa tele, mazungumzo yake ya hotelini na uwanja wa ndege hayana uhai. Wasomi tunavicheka. Lakini bwana, vinanunuliwa! Mnunuzi anatoa hela yake mfukoni bila kulazimishwa na mtaala, kwa sababu angalau ukurasa wa kwanza unamsalimu kwa lugha yake. Mwandishi wa kijitabu hicho ameshindwa kifani, lakini swali la "ninamwandikia nani" amelijibu, wakati vitabu rasmi vimelikwepa.

HITIMISHO

Makala hii haikukusudia kuwasifu Wachina. Kitabu chao kina upungufu wake, nao tumeutaja. Kusudi ni kuonyesha kwamba kila kitabu cha lugha kinamchagua msomaji wake, na kwamba uchaguzi huo ni suala la msimamo, sio ufundi tu. Tulipowaweka Juma na Rehema kitabuni tulifanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni Juma kuelezwa mambo kwa lugha anayoielewa, na kupewa visa vyenye kichekesho kinachostahili jasho la kukifungua.

Kazi hiyo inatuhusu sisi wa Kiswahili na fasihi, si watu wa Kiingereza peke yao. Ni sisi tunaojua kwa nini "amelala" haifai kuwa "has slept", na ni sisi tunaojifunza jinsi kisa kifupi kinavyojengwa. Tuanze na kurasa kumi: ukurasa wa "Piga", wa "Amekuja mgeni", wa -na- na -me-, na visa vichache vya kuchekesha kutoka Mlandizi hadi Maneromango. Zipelekwe kidato cha kwanza kimoja Kibaha na kingine Kisarawe, walimu wa huko wazikosoe. Asiyekubaliana na hoja hizi naye aandike, uwanja ni wake.