Namba za Strong na Msomaji wa Yohana 21 kwa Kiswahili

Msomaji wa Biblia mwenye simu anaweza leo kugusa neno la Kigiriki akapata namba yake, maana yake na mahali pote lilipotumika. Kazi iliyokuwa ya mwanatheolojia sasa imo mkononi mwa mwanakwaya. Hilo ni jema, na uhakiki unaolibeza kwa kulinda mamlaka ya mimbari hauna uzito. La kuhoji ni namna ya usomaji ambayo chombo hicho kinaizoeza.

Yohana 21:15–17 ni mfano unaorudiwa mno. Katika Biblia ya Union Version (1952) Yesu anamwuliza Petro mara tatu kwa kitenzi kimoja, -penda. Programu inaonyesha viwili: agapao, namba 25, na fileo, namba 5368. Hapo huzaliwa fasiri inayopendwa sana: Yesu anadai upendo wa kimungu, Petro anatoa wa kirafiki tu, na mfasiri wa Kiswahili ameificha siri hiyo.

Orodha ileile ya matumizi, ikisomwa hadi mwisho, inaipinga fasiri hiyo. Katika Yohana 3:35 Baba anampenda Mwana kwa agapao. Katika 5:20, kwa fileo. Dema wa 2 Timotheo 4:10 anaupenda ulimwengu kwa agapao. Septuajinti inakitumia kitenzi hichohicho kwa tamaa ya Amnoni juu ya Tamari, na sijui nani angeiita hiyo ya kimungu. James Barr alikwisha kuonya mwaka 1961 dhidi ya kulitwika neno moja mzigo wa teolojia unaobebwa na sentensi.

Isitoshe, James Strong alizitunga namba hizo kwa ajili ya Biblia ya King James, katika itifaki aliyoichapisha mwaka 1890. Msomaji anayedhani amefika kwenye Kigiriki mara nyingi ameishia kwenye Kiingereza, kisha anarudi kuituhumu lugha yake.

Tuhuma hiyo haina msingi. Matini yenyewe inasema Petro alihuzunika kwa sababu aliulizwa mara ya tatu, na -penda inayorudiwa inaisikizisha huzuni hiyo waziwazi. Aliyekana mara tatu katika sura ya 18 alikuwa akiota moto wa makaa. Katika 21:9 moto wa makaa unamngoja tena ufukweni. Mwangwi huo umo katika Kiswahili, na hauhitaji namba yoyote kuuona.