Kokteli "rafiki wa figo": mbona tunauliza kilevi tu?

Ukitafuta ushauri kuhusu kokteli kwa mgonjwa wa figo, utakutana na aina mbili. Wa kwanza unasema: pombe mwiko, kunywa juisi asilia. Wa pili, hasa kutoka Marekani, unakupa kabisa mapishi: vodka kidogo, juisi ya kranberi, maji ya gesi na kipande cha ndimu. Nina ugomvi na zote mbili, ila wa kwanza ndio unaonitisha.

Figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu ya ziada kwenye mkojo. Kwenye damu, kiwango cha kawaida ni kama milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Kikipanda sana, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo unaweza kusimama bila dalili ya kukuonya. Sasa piga hesabu: glasi ya mililita 240 ya juisi ya machungwa ina karibu miligramu 450 za potasiamu. Maji ya dafu, ambayo watu husema "yanasafisha figo", yanaweza kufika 600. Vodka au jini? Karibu sifuri. Kwa hiyo ile kokteli ya embe, ndizi na parachichi, isiyo na tone la kilevi, inaweza kuwa ndiyo hatari kubwa mezani kwa mtu wa dialisisi.

Simaanishi pombe ni salama. Inapandisha presha, inagongana na dawa kadhaa, na kwa anayetumia insulini inaweza kushusha sukari ghafla. Ninachosema ni kwamba kuondoa kilevi peke yake hakutoshi.

Ushauri wa pili una mantiki nzuri, lakini unaificha. Kranberi ni tunda dogo jekundu la Amerika Kaskazini, na juisi yake imechaguliwa kwa sababu ina potasiamu kidogo, si kwa sababu ni nyekundu. Msomaji asipoambiwa hivyo, ataweka juisi ya nyanya na kujiona amefuata maelekezo. Mapishi hayo pia yanasahau kwamba barafu ni maji, na mtu aliyepimiwa maji ya siku lazima aihesabu. Soda nyingi nyeusi zina asidi ya fosfori, na fosfeti hiyo hufyonzwa kirahisi kuliko ile ya kwenye maharage. Chumvi ya ukingoni mwa glasi nayo ni chumvi.

Kosa la pamoja? Zote zinaongea kana kwamba figo zote ni sawa. Mwenye ugonjwa wa hatua za mwanzo, potasiamu yake ikiwa kawaida, huenda asihitaji kukatazwa machungwa hata kidogo. Anayeamua ni majibu ya damu, pamoja na daktari au mtaalamu wa lishe anayeyasoma.

Basi ukiwa na mgeni mwenye tatizo la figo kwenye sherehe, usimuulize tu, "Unakunywa au hunywi?" Mwambie kilichochanganywa ndani, halafu mpe glasi ndogo.