Silaha Iliyoletwa Saa ya Mwisho

Tom Mason amebanwa ukutani. Malkia wa Espheni, wavamizi kutoka nje ya dunia, anamfyonza damu huku akimsimulia kisa chake: miaka 1,500 iliyopita binti yake alikuja duniani, akauawa na binadamu kwenye nyanda za Nazca, Peru. Kumbe uvamizi wote ni kisasi cha mama. Mara Tom anaitumia silaha ya kibayolojia aliyokuja nayo, sumu inapita katika damu yake hadi kwa Malkia, na vita vya misimu mitano vimekwisha.

Hivyo ndivyo ilivyofungwa tamthilia ya Marekani ya Falling Skies, tarehe 30 Agosti 2015, katika sehemu ya 52. Niliipenda tangu msimu wa kwanza, tulipogundua kwamba hata Skitter, wale viumbe wa kutisha wenye miguu mingi, walikuwa mateka waliovishwa hatamu mgongoni kama watoto wa binadamu waliotekwa. Mbegu ile ilipandwa mapema, ikatubadilisha namna ya kumtazama adui. Sehemu ya mwisho haikuwa na mbegu ya namna hiyo.

Chukua kisa cha binti wa Malkia. Ni kisa kizito, lakini kimeletwa wakati hakina tena kazi ya kufanya. Tom alikuwa profesa wa historia. Angeachiwa dalili za Nazca tangu msimu wa pili, akazifuata, akakosea, akarudi tena, ujuzi wake ungekuwa silaha. Badala yake anasimuliwa na adui, na dakika chache baadaye adui amekufa.

Silaha yenyewe wapiganaji wetu hawakuibuni. Ilitoka kwa Wadornia, viumbe walioingia hadithini safari ikiwa imeshakwenda mbali. Watu waliolala njaa na kuzika wenzao miaka yote ile wamegeuzwa wachukuzi wa mzigo wa mhisani. Wadornia haohao wanamrudishia uhai Anne, mke wa Tom, kwa hiyo hata msiba wa mwisho unafutwa. Na Pope, aliyeapa kumwangamiza Tom, anajitokeza akiwa majeruhi, anasema maneno machache, anakata roho. Uhasama uliojaza msimu mzima haukupata pambano lake.

Jinsi mwisho wa vita unavyojengwa, sisi wa Mafia tunaweza kujifunza kwenye historia ya kisiwa chetu. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji, ng'ambo yetu tu. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina kifupi cha maji, na ndege zao za kwanza zilishindwa na joto. Januari 1915 wakakiteka kisiwa hiki, wakakifanya kituo cha ndege. Zikavutwa kutoka Malta meli mbili za mizinga zisizohitaji maji marefu, Severn na Mersey. Tarehe 6 Julai zikaingia mtoni, zikapiga mizinga kutwa, zikarudi bila ushindi, Mersey ikiwa imejeruhiwa.

Tarehe 11 zikarudi. Ndege iliyoruka kutoka Mafia ikawa jicho lao: rubani Cull akirusha, mwenzake Arnold akituma kwa redio kila kombora limeangukia wapi. Ndege ikapigwa. Ilipokuwa ikishuka, injini imeharibika, Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi walipoanguka mtoni, na makombora yakaipata Königsberg.

Vilikuwa vita vya wageni wawili juu ya ardhi na maji yetu, sivisifu. Naangalia mpangilio wake tu. Kila kilichoamua siku ile kilikwisha kuonekana: maji mafupi, joto, kisiwa, mto, jicho la angani. Mwisho wa tarehe 11 unaaminika kwa sababu ya tarehe 6.

Falling Skies haikuipa silaha yake tarehe 6. Silaha hiyo haikushindwa hata mara moja mbele yetu, wala haikumgharimu mtu asiyerudi. Mtazamaji aliyekaa na familia ya Mason kwa sehemu 51 alistahili kumwona mmoja wao akikosea kwanza, kisha akipatia.